Siku Upatu Uliponyamaza

Zama hizo majeshi ya mabwana wa Satsuma yalikuwa yamekwisha kuteremka katika visiwa vya Ryukyu na kuushinda ufalme. Mfalme aliachwa aketi katika kasri lake la Shuri, lakini neno la mwisho kuhusu silaha lilikuwa la wageni. Mtu wa kawaida hakuthubutu kubeba upanga. Kilichobaki kilikuwa mti: fimbo ndefu iitwayo bo, kasia la mtumbwi, na tonfa, yaani kipande cha mti chenye kishikio ubavuni, mfano wa mpini wa jiwe la kusagia. Watu wa baadaye walipenda kusema kwamba wakulima ndio waliobuni sanaa ya silaha hizo kwa kukosa panga. Maneno hayo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni watu wa aina ya Maehira Tarugani.

Tarugani alitoka katika ukoo wa mabwana wadogo waliolitumikia kasri kwa vizazi, kisha wakakosa nafasi na kushuka shamba. Alivaa nguo ya nyuzi za mgomba kama jirani zake, ila nywele alizifunga utosini na kuzichomeka pini ya shaba, alama ya daraja lake. Mshipini alichomeka sai tatu, vyuma vyenye ncha ndefu katikati na kulabu mbili za kunasia upanga. Mbili zilikuwa za mikono. Ya tatu ilikuwa ya kurushwa. Katika kijiji cha Agarihama, pwani ya mashariki ya Okinawa, yeye ndiye aliyekuwa mlinzi na mwalimu wa fimbo.

Kila mwaka, baada ya mavuno, vijana wa mashariki ya kijiji walipambana na vijana wa magharibi, jozi kwa jozi, upatu ukilia. Watazamaji walipenda mlio. Fimbo zilipogongana kwa pamoja, uga mzima ulitetemeka, na wazee wakatikisa vichwa kwa ridhaa. Tarugani aliwafundisha vijana wake kuupata mlio huo bila kasoro. Kwa ajili yake Agarihama ilisifika hata katika vijiji vya mbali.

Ndipo merikebu ya maharamia ilipopanda mwamba.

Ilikuja wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kupita kiasi, ikakwama mchangani kwenye kisiwa kidogo kinachokikabili kijiji. Maji yalipokupwa, maharamia walivuka mwamba kwa miguu. Walikuwa watu mchanganyiko, askari wa Kijapani wasio na bwana na wahuni wa pwani ya Uchina, na mkubwa wao aliitwa Matahei. Walitaka mchele, na walitaka mikono ya kuikokota merikebu yao hadi kilindini bamvua itakaporudi. Vijana wa Agarihama walitoka na fimbo zao wakawakabili kwenye uga wa kupuria.

Pambano halikuwa refu. Jioni haijafika, vijana kadhaa walikuwa wamelala chini ya majamvi, na wanawake waliokuwa wakifua kwenye chemchemi walikuwa wamechukuliwa. Miongoni mwao alikuwamo Makatu, binti wa pekee wa Tarugani.

Kesho yake Tarugani alichuchumaa ugani akikusanya vipande vya fimbo. Alivigeuza kimoja kimoja, akavipanga chini. Nyuma yake alikuja Kaneku Sanra, mchonga mitumbwi wa upande wa magharibi, mtu mwenye mabega mapana na ulimi mpana zaidi. Sanra hakuwahi kucheza fimbo. Alisema ni mchezo wa watu wasio na kazi.

"Mwalimu, unatafuta nini?"

"Damu."

"Hutaiona."

"Naam. Sijaiona." Tarugani alisimama. Fimbo zote zilikatwa katikati, pale ambapo fimbo hugonga fimbo. Hakuna hata moja iliyokuwa na damu nchani. "Walilenga panga. Hakuna aliyelenga mtu."

"Wangelengaje mtu, na miaka yote umewafundisha kugonga mti wa mwenzao?" Sanra alisema. "Umewafundisha kupasua kuni, Mwalimu, na kuni zenyewe ni fimbo zao."

Tarugani alilipima neno hilo akaliona halina kosa. "Wewe ulimpiga mtu. Nilikuona."

"Goti. Kasia halina adabu, linakwenda kwenye nyama." Kisha sauti ya Sanra ikashuka. "Mama yangu naye yuko kule. Maharamia nawahurumia kwa ulimi wake, lakini namtaka mama yangu."

Mpanda farasi alitumwa Shuri. Alirudi na jibu la heshima: askari hawangeweza kutoka bila idhini ya mkaazi, yaani mwakilishi wa mabwana wa Satsuma, na mkaazi alikuwa safarini kuwinda. Watu wa Agarihama hawakuhitaji kufafanuliwa. Bamvua ingerudi mwezi utakapopevuka, merikebu ingeelea, na yeyote aliyekuwa ndani yake angeuzwa katika bandari ambayo hakuna wa kwao aliyeijua.

Tarugani alianza upya. Alitundika maboga kwenye nguzo za ghala: moja kimo cha koo, jingine kimo cha kifundo cha mkono, jingine kimo cha ugoko. Sanra alipewa upanga wa mti, akawa haramia. Sheria ilikuwa moja. Mti ukigonga mti, mwenye fimbo anatoka na kwenda kuchota maji.

Siku ya kwanza kijiji kilipata maji ya kutosha mwezi mzima.

"Ahsante, bibie, kwa kunifutia vumbi upangani!" Sanra aliwakoga. "Mkono wangu uko huku! Huu hapa! Mwalimu, wapige hawa, wananitia aibu hata mimi haramia."

Kilichomsumbua Tarugani si uvivu wao. Mikono iliyofunzwa tangu utotoni ilifuata mti yenyewe, kabla mwenye mkono hajafikiri. Mazoea yana taabu. Baadhi yao walijinasua, wakajifunza kuuacha upanga upite na kuchoma koo nyuma yake. Wengine, na wao walikuwa wazuri kuliko wote katika mchezo wa zamani, hawakuweza kabisa. Mmoja aliketi chini akalia kwa hasira.

"Niache nyumbani, Mwalimu. Nitawaua wenzangu."

Tarugani aliiokota fimbo yake akamrudishia. Kisha akasema, "Hutaachwa. Wewe utagonga. Utagonga kwa nguvu zako zote, na mtu asijue kwamba kuna wenzako wasiogonga."

Sanra, aliyekuwa akinywa maji, aliishusha kata. "Unataka kuwachezea ngoma?"

"Walitucheka siku ile. Mtu aliyekucheka hukufungulia mlango."

"Nao wakichoka kucheka kabla hatujaingia?"

"Basi tutakuwa tumekufa tukiwa tumevaa vizuri."

Sanra alicheka hadi maji yakamtoka puani. "Maji umeyavulia nguo, Mwalimu. Twende tukayaoge."

Alfajiri ya siku ya bamvua, wakati wa maji kupwa, watu wa Agarihama walivuka mwamba wakiwa katika mavazi ya sherehe: vitambaa vyekundu kichwani, mikanda mipana, nyuso zimepakwa unga. Mbele walibeba nguruwe na mitungi ya pombe kali ya mchele. Sanra alibeba kasia lake begani, akalitundikia mtungi kama mtu anayebeba mzigo. Sai za Tarugani zilikuwa chini ya koti la sherehe. Upatu ulibebwa na mzee mmoja aliyeambiwa jambo moja tu: apige bila kukoma hadi Mwalimu atakapoivuta pini nywelani.

Matahei aliwapokea akiwa ameketi juu ya sanduku, upanga magotini. Nyuma yake merikebu ilikuwa imekwisha kukalafatiwa, nyufa zake zote zimezibwa. Amari yake, ile kamba nene ya nanga, ilinyooshwa mchangani, na mateka walikuwa wamepangwa kando yake tayari kwa kukokota. Tarugani alimwona Makatu karibu na mwisho wa kamba. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Mwalimu aliyahamisha macho yake ili yasimsaliti.

"Mmeleta nini?" Matahei aliuliza kwa Kijapani cha bandarini.

"Chakula, bwana, ili mtuachie wazee. Na mchezo wetu, kwa kuwa leo ni siku yake."

"Ule mchezo!" Matahei aliwageukia wenzake. "Wale wapasua kuni wamerudi! Haya, pasueni. Tutatazama tukinywa."

Upatu ulilia. Jozi zikaingia, mashariki na magharibi, fimbo zikagongana, na mlio ukatandaa kisiwa kizima. Maharamia walisogea, vikombe mkononi. Mmoja aliiga mwendo wa wachezaji, wenzake wakaangua kicheko. Waliobaki melini walining'inia ukingoni kutazama. Duara la wachezaji lilipanuka kidogo kidogo, kama ilivyo desturi ya mchezo wenyewe, hadi waliokuwa pembeni wakafika bega kwa bega na watazamaji. Katikati, wale wasioweza kujinasua waligonga kama hawajawahi kugonga maishani.

Tarugani aliivuta pini. Nywele zikamwangukia mabegani, na upatu ukanyamaza.

Katika ukimya huo fimbo za pembeni ziligeuka. Hakuna mti uliogusa mti. Zilishuka kwenye vifundo vya mikono iliyoshika vikombe, zikapanda kooni, zikafagia ugoko. Panga ziliangukia mchangani kabla hazijatoka alani. Sanra aliuachia mtungi, akalizungusha kasia kwa ubapa wake na kuwarushia mchanga machoni, kisha akalirudisha kwa ukingo wake.

"Mama!" aliunguruma. "Inama!"

"Nimekwisha kuinama, mpumbavu wewe! Piga!"

Waliokuwa melini waliruka chini kuja kusaidia. Hapo ndipo Makatu alipofanya ambalo baba yake hakulipanga. Alizaliwa Agarihama; katika maisha yake yote hakuwahi kusikia upatu wa mavuno ukikatika katikati ya mchezo. Akajua ni ishara. Na kila mtoto wa Agarihama amekua akivuta kamba, kwa kuwa siku ileile ya fimbo ndiyo siku ya kuvutana kamba, mashariki kwa magharibi.

"Mashariki!" alipiga kelele. "Vuteni!"

Mateka waliinyakua amari, wakachimba visigino mchangani, wakavuta kwa pamoja. Kamba iliruka kutoka mchangani ikanyooka kimo cha magoti, na maharamia waliokuwa wakikimbia waliivaa wakaporomoka mmoja juu ya mwenzake. Waliponyanyua vichwa, fimbo zilikuwa zikiwangoja.

Matahei hakuwa mtu wa kushtuka mara mbili. Upanga wake ulimjia Tarugani kutoka juu. Sai mbili zilipanda, kulabu zikaunasa upanga, vyuma vikalia. Ulikuwa unasaji safi, wa kusifiwa ugani, na kwa pumzi moja Tarugani alisimama akiushikilia, kama alivyosimama kila mwaka akingoja sauti ya watazamaji. Mkono wa pili wa Matahei ulikwenda kwenye kisu. Kisu kikamwingia Tarugani pajani.

Naye pia, basi, alikuwa amepasua kuni: amelenga upanga, si mtu.

Akaziachia sai. Upanga, ambao Matahei alikuwa akiuvuta kwa nguvu zake zote, uliondoka ghafla na kumyumbisha nyuma. Tarugani alichomoa sai ya tatu mshipini, akairusha chini kwa chini. Ilipenya mguu wa Matahei na kuupigilia kwenye mchanga mgumu. Kabla haramia hajamaliza kuutazama mguu wake, kasia la Sanra lilimaliza shauri.

Mkubwa wao alipoanguka, waliobaki waliweka panga chini. Merikebu, isiyokuwa na wa kuikokota, ilijaa maji ya bamvua ikiwa imelalia ubavu.

Kurudi ilibidi wafanye haraka, maji yalikuwa yamekwisha kufika vifundoni. Tarugani alijaribu kutembea, akashindwa. Makatu aliinama mbele yake.

"Panda, baba."

"Mimi nimekuja kukuchukua wewe."

"Umenichukua. Sasa panda, usinicheleweshe, maji yanajaa."

Akapanda. Mama yake Sanra, aliyekuwa akibebwa na mwanawe kando yao, alisema kwamba kwa umri wake hajaona mlinzi wa kijiji akirudi vitani kama gunia la viazi. Lakini alisema hayo akilia.

Mjumbe wa Shuri alifika siku chache baadaye akiwa na pini ya fedha nywelani na askari wa kuwapeleka maharamia waliotekwa bandarini Naha. Aliisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akaamuru watu wote watoke, isipokuwa Tarugani na Sanra.

"Nikisema kwamba wanakijiji wamezishinda panga kwa miti," alisema, "Satsuma watakuja kuichukua miti. Mnanielewa?"

"Tunakuelewa, bwana."

"Basi ilikuwa tufani. Tufani iliivunja merikebu, nanyi mliwaokota waliobaki hai."

Sanra aliinuka nusu. "Tufani! Tufani ndiyo iliyopasua kichwa cha Matahei? Bwana, kasia langu lina ufa hadi leo!"

Tarugani alimshika mkono akamketisha. Nje, Makatu alikuwa akigombana na vijana wa magharibi kuhusu nani aliyeivuta amari zaidi, na sauti yake ilipenya ukutani.

"Sifa ipewe tufani," alisema Tarugani. "Tufani haina binti wa kurudishiwa."

Ikawa hivyo. Kasri lilikumbuka tufani kali na merikebu iliyovunjika pwani ya mashariki. Jina la Maehira Tarugani halikutiwa popote. Watu wa Agarihama, kila walipoulizwa na wakubwa, waliinamisha vichwa wakakiri kwamba ndiyo, tufani ilipita mwaka ule. Wakiwa peke yao ndipo walipoongeza kwamba tufani hiyo ilitokea kwenye uga wa kupuria, ikavuka mwamba kwa miguu, na ikarudi na kila mtu iliyekuwa imemwendea.