Marashi Nyuma ya Ghala la Ngozi

Kilichowaogopesha wafanyakazi kwanza ni harufu nzuri. Kiwanda cha ngozi kinanuka. Hata ukipita mtaa wa viwanda wa Challawa umesinzia, pua itakuambia umefika. Lakini asubuhi ile ya ukaguzi, nyuma ya ghala, penye kisima cha zamani, palinukia marashi kama chumba cha bibi harusi.

Alhaji Ma'azu, mwenye kiwanda, alifurahi. Watu wa aina yake hata kaburi likinukia hudhani wamebarikiwa. Aliposikia mkaguzi wa taka za sumu anakuja, alitumbukiza kisimani mapipa yote ya dawa chakavu za kusindika ngozi, akafunika kwa mbao na udongo, akapanda maua juu. Hiyo ndiyo ikawa hatua yake ya kulinda mazingira.

"Lanti, mwagilia maua," alimwambia mama mmoja mchambua ngozi.

"Alhaji, jana yalikuwa meupe. Leo ya buluu."

"Kwani buluu ni haramu? Mwagilia."

Lanti akainama. Chini ya udongo kitu kikagonga, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Mkaguzi, Hajiya Saratu, alifika na Alhaji akimtangulia kwa tabasamu. Akasimama penye maua. Maji ya buluu yalikuwa yakichuruzika kwenye mizizi.

"Chini ya hapa kuna nini?"

"Bustani tu, Hajiya. Maji yetu ni safi, hata mtoto mchanga unamnywesha."

Hapo ndipo Lanti alipoanguka, na marashi yakazidi mpaka watu wakashindwa kupumua, na kugonga kule chini kukaongezeka, mara kwenye maua, mara chini ya miguu ya Alhaji mwenyewe, kila anaposogea nako kunamfuata, na kinywa cha Lanti, kilichokuwa kimeanza kuwa cha buluu, kikafunguka kikatoa sauti ya mzee wa kiume aliyechoshwa.

Akaitwa Malam Garzali, imamu wa msikiti wa kiwanda. Akapiga magoti, akanong'ona, "Ewe jini, mtoke huyu mama. Ana watoto."

"Niende wapi?" sauti ikajibu. "Nyumba yangu imejazwa sumu."

"Nani kaijaza?"

Mkono wa Lanti ukainuka peke yake, ukamnyooshea Alhaji kidole.

Malam akaandika aya kwenye sahani, akaiosha kwa yale maji ya maua, akalimimina kombe lile kikombeni, akamkabidhi Alhaji. "Aliyemfukuza jini huyu kwake ndiye anywe. Mama huyu pumzi zinamwishia."

Alhaji akatazama kikombe. "Mimi nina vidonda vya tumbo."

"Si ulisema maji ni safi?" mkaguzi akauliza.

"Anywe kibarua mmoja kwa niaba yangu."

"Kwa niaba yako tumeshavuta sumu nyingi, Alhaji," sauti ya kibarua mmoja ikatoka nyuma. "Hilo kunywa mwenyewe."

Wengine wakacheka, cheko la woga. Lanti akakoroma, macho yakageuka juu. Malam akakisogeza kikombe mpaka kikagusa mdomo wa Alhaji, na yule bwana mkubwa, mwenye joho lililodariziwa, akakipiga kofi kikaanguka, kama mtoto aliyekataa uji.

"Nitakufa," akasema. "Hayo maji yanaua. Mapipa yote yamo humo."

Hajiya Saratu akafunga kalamu yake. Malango ya kiwanda yangefungwa kabla ya adhuhuri.

"Nilitaka aseme tu," ile sauti ikanong'ona. "Sasa natoka. Nimeona pa kuhamia."

Lanti akakohoa, akaketi, akaomba maji. Akaletewa ya chupa. Hakuna aliyemwomba Alhaji ruhusa.

Magharibi, nyumbani kwake, Alhaji alifungua bomba atawadhe. Kabla ya kuyagusa maji alimsikia mkewe akimwuliza kutoka chumbani, kwa furaha, "Leo umejipaka marashi gani, Alhaji?"

Alikuwa akitazama kucha zake, zilizoanza kuwa za buluu, na chini ya vigae, penye miguu yake mitupu, kuna aliyekuwa anabisha hodi kwa adabu.