Joto la Sakafuni

Struan, rafiki yangu seremala wa kule Dundee, alirudi nyumbani kwa marehemu mama yake kung'oa mbao za sakafu ili azibe bomba lililokuwa likivuja. Ni chumba kilekile ambamo mama alianguka, akampigia simu. Struan alidhani anadeka, akamjibu, "Jikaze, Mama, nakuja kesho." Alimkuta keshafariki. Dada yake, Ishbel, aliyekuja naye siku hiyo, hakuwa ameambiwa kuhusu simu ile.

Umeme ulikuwa umezimwa, na alasiri ya majira ya baridi ilishaingia giza. Aliuwekea mtaimbo kipande cha ubao chini yake ili usizijeruhi boriti, akainua taratibu. Misumari ya kale ilitoka ikilia, baridi kama barafu, mpaka alipofika pale mama alipoangukia. Hapo ilitoka vuguvugu.

"Ishbel, kuna bomba la maji ya moto huku?"

"La moto litoke wapi, kaka? Boila haijawashwa tangu mazishi."

Alipomaliza, alirudisha kila ubao mahali pake, akagongelea misumari kwenye matundu yaleyale, kisha akapiga magoti kupapasa. Sakafu yote ilikuwa baridi, isipokuwa sehemu moja yenye urefu wa mtu aliyelala ubavu, na ukanda wa joto, mwembamba kama mkono, ulionyooka kuelekea mlangoni.