Marehemu Anasafiri Leo

"Marehemu anasafiri leo."

Sauti ilitoka kwenye kifaa cha kusikia kilichokuwa sikioni mwake. Kobe akasimama katikati ya ngazi za mawe.

"Rudia."

"Marehemu anasafiri leo. Tumeunasa ujumbe huo asubuhi hii, kutoka simu ya huko kuja simu ya hapa nyumbani. Marehemu ni ile sanamu. Mbebaji yumo kwenye msafara wako. Mtambue, mfuate, usimguse."

"Nimekupata, Mkuu."

"Na usizubae."

Kobe alimtukana kimoyomoyo, kisha akaendelea kupanda. Jina hilo la kazi alipewa ujanani kwa sababu ya uvumilivu wake. Siku hizi majasusi wadogo ofisini walidhani ni kwa sababu ya mwendo, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha.

Alikuwa ugenini, amejichomeka kwenye msafara wa wastaafu waliokuja kutembezwa kwenye makaburi ya wafalme wa kale. Tangu wafike alikuwa ameingia makaburi mpaka yakamtokea puani. Kila kaburi lilikuwa na ngazi, na kila ngazi ilimpa goti lake la kulia jambo la kulalamikia.

Sanamu yenyewe ilikuwa ya malkia, dhahabu tupu, haizidi chupa ya soda kwa kimo. Ilikuwa imeibwa kwenye jumba la makumbusho. Wanunuzi nyumbani walikuwa tayari kuilipia kwa shehena ya bunduki, na Kobe alijua bunduki hizo zingeelekezwa kwa raia.

Bastola yake ya Glock ilibaki hotelini kwa sababu kila lango lilikuwa na mashine ya kukagua chuma. Alikuwa na kamera ya Canon iliyoweza kuchungulia ndani ya begi, na mkongojo wenye kitufe cha shoti ya umeme. Kufikia kaburi la kwanza alikuwa ameshachungulia mabegi yote. Aliona dawa za presha, soksi chafu, na meno ya bandia ya meneja mstaafu wa benki.

Sanamu hakuna.

Akaenda kukaa kivulini. Hapo palikuwa na bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma yake kijana mwenye miwani ya Ray-Ban.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe makaburi yamekuchosha?"

"Yamenimaliza, mama. Bora waliomo ndani, wamelala."

Bibi akacheka. Kijana akainama na chupa ya maji. "Shangazi, kunywa maji."

Bibi hakuipokea. Alimgeukia Kobe, akapaza sauti kama mtu anayeongea na kiziwi.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu! Dada yangu wa tumbo moja, Mungu amrehemu. Ananiita shangazi!"

"Ndiyo," kijana akatabasamu. "Shangazi yangu kipenzi."

Bibi alimkazia Kobe macho wala hakupepesa.

Uchovu ukamtoka Kobe kwa mara ya kwanza siku hiyo. Shangazi ni dada wa baba. Dada wa mama ni mama mdogo au mama mkubwa, na hata mtoto anayejifunza kusema anajua. Anayeweza kukosea hapo ni mtu aliyekulia mbali, akakikuta Kiswahili kitabuni, ambako hao wote wamewekwa kapu moja. Bibi hakuwa amekosea. Alikuwa anaomba msaada mbele ya mtekaji wake, na mtekaji anaitikia kwa kichwa.

Simu ya kijana ikaita. Akasogea pembeni.

"Si mtoto wetu," bibi alinong'ona haraka. "Mtoto wetu ndiye alikuwa anisindikize. Akaja huyu uwanja wa ndege na pasi ya mtoto wetu mkononi. Kasema nikifungua mdomo, yule watamzika. Nifanyeje, mwanangu? Nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki."

"Nyamaza kimya, mama. Nimesikia."

Akakiongeza sauti kifaa chake na kukielekeza kwa kijana.

"Zinki mmeshachomelea?" kijana alikuwa akisema. "Pasi yenyewe inasema mimi ndiye ndugu yake, nani ataniuliza? Mfuniko msifunge mpaka nipige. Mchana huu huu."

Kobe akauminya ule mkongojo, akageukia ukuta.

"Mkuu. Marehemu si sanamu."

"Unasema nini?"

"Marehemu ni bibi wa kwenye kiti. Bado hajafa. Sanamu itasafiri chini yake, ndani ya jeneza la zinki. Nani atafungua jeneza la bibi aliyefia ziarani?"

"Kobe, acha mzigo upite. Tutaukamata hapa pamoja na wanunuzi."

"Mzigo unapumua, Mkuu."

"Hilo ni agizo."

"Tuma watu wamtafute mtoto wa dada yake, wamemficha huko huko. Betri yangu inaisha."

Betri ilikuwa nzima. Akakitoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni.

Mtembezaji wa watalii alikuwa akipiga makofi, anawaita watu wakale. Kaburi la malkia lingetazamwa baadaye, alisema, na kiti cha magurudumu kisingeweza kushuka mteremko mkali wa mle.

"Nitamshusha mwenyewe sasa hivi, polepole, kabla watu hawajawa wengi," kijana alidakia. "Ni ndoto yake."

"Mimi nimesahau kofia yangu ndani," Kobe alisema.

Hakuwa ameingia humo hata mara moja, lakini hakuna anayembishia mzee aliyesahau kofia. Akatangulia.

Ndani palikuwa na ubaridi na taa hafifu. Mteremko wa mbao ulishuka moja kwa moja kati ya kuta zilizochorwa watu na ng'ombe, mpaka kwenye chumba cha jeneza la jiwe. Kobe akateremka nusu ya njia na kujibanza nyuma ya nguzo. Goti lilikuwa linapwita. Alijiuliza kama watu wa umri wake walikuwa na haki ya kujibanza.

Magurudumu yakasikika juu. Yakasimama.

"Kwaheri, shangazi."

Kisha yakaanza kukimbia.

Kobe akajitosa njiani, akauchomeka mkongojo kwenye gurudumu. Kiti kikayumba, kikambamiza ukutani. Bibi hakupiga kelele. Alikuwa ameng'ang'ania shati la Kobe kwa mikono yote miwili, na vifungo vilikuwa vinaruka kimoja kimoja.

"Upo, mama?"

"Nipo. Anakuja."

Kijana alikuwa anashuka mbio. Mkononi alishika bomba la sindano, ambalo langoni alisema ni la dawa ya bibi. Kobe akauchomoa mkongojo, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Serikali ilikuwa imenunua vifaa vya bei poa kama kawaida yake.

Kobe hakupigana. Alimwangukia.

Alimwangukia kwa uzito wake wote wa miaka ya kukaa garini akivizia watu. Sindano ikaruka gizani. Kijana akafurukuta na kumpiga ngumi za mbavu, na ndipo mkongojo ulipokumbuka kazi yake. Shoti iliwapata wote wawili. Kobe aliona nyota, lakini yeye ndiye aliyeamka wa kwanza.

Alipomaliza kumfunga kwa mkanda wa Canon, alimshikisha simu.

"Waambie wenzako wa hapa jeneza liletwe langoni. Kisha piga nyumbani, sema marehemu yuko njiani, waje wote kumpokea."

"Nikikataa?"

"Nitakuacha humu na huyu mama. Ana maneno nawe."

Kijana akamtazama bibi. Akapiga.

Kobe akarudisha kifaa sikioni na kuomba polisi wa nchi ile walizingire lango. Mkuu alifoka mpaka akaishiwa pumzi, kisha akafanya alivyoombwa. Wakasubiri chini ya zile taa, Kobe ameketi sakafuni, bibi anasali kimoyomoyo, kijana anaugulia. Hatimaye sauti ikarudi, na safari hii haikuwa ya ukali.

"Sanamu imepatikana, ilikuwa chini ya godoro la jeneza. Huku gari la maiti lilifika uwanja wa ndege na wanunuzi wote ndani, wamevaa suti nyeusi. Mmoja alikuwa na funguo za nyumba, na humo tumemkuta kijana wa bibi bafuni, amefungwa. Amekonda, lakini mzima."

Kobe akampa bibi habari hizo. Bibi alilia kwa sauti, na Kobe akamwacha alie.

Polisi waliposhuka kumchukua mfungwa, bibi alijifuta uso kwa mtandio.

"Na hilo kaburi lenyewe liko wapi?"

"Hapo chini tu, mama. Lakini umechoka."

"Nimetoka kwetu nije kuliona. Nisukume."

Akamsukuma. Gurudumu lililopinda lilikuwa linalia njia nzima. Bibi aliliangalia jeneza la jiwe lililokuwa wazi, akapitisha mkono ukingoni, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Ni pazuri," alisema. "Lakini zamu yangu bado. Nipandishe juu, mwanangu."

"Kobe!" Mkuu aliita sikioni. "Ripoti yako naitaka sasa hivi. Kobe?"

Kobe alikitoa kile kifaa, akakiweka kwenye ukingo wa jeneza la malkia. Kisha akageuza kiti, akakaza mikono, akaanza kupanda.