Ndege Hajui Kuhesabu

Walikutana kwenye duka la kusafisha picha, siku ambayo watu walibanana mpaka mlangoni. Yeye, fundi cherehani aliyevaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, alifuata picha za pasipoti. Kijana mmoja, mpiga picha wa ndege, akamkanyaga kidole.

"Samahani, mrembo."

"Samahani haiponyi kidole."

"Na soda je?"

Soda ikazaa simu, simu zikazaa mapenzi, na miezi minane baadaye kijana akaomba wafunge ndoa. Fundi akataka wiki moja ya kufikiri. Alimpenda, tena sana. Ila kila Jumamosi mwanamume huyo alipotelea kwenye kinamasi, "peke yangu, mpenzi," na fundi hakuzaliwa jana.

Siku ya tatu akaishika kamera ya kijana. Korongo, korongo, viboko wawili, kenge, korongo. Halafu, jua likiwaka juu ya matete, mgongo wa mwanamke mwenye gauni la njano, anaondoka zake. Kiuno inchi thelathini. Macho ya fundi hayahitaji futi.

"Huyu nani?"

"Dada yangu, yule muuguzi."

"Dada ambaye sijamwona hata siku moja?"

"Si zamu zake hizo! Hunisindikiza mpaka kwenye kibanda changu cha turubai, kisha anaondoka. Ndege hajui kuhesabu. Akiona wameingia wawili, akatoka mmoja, anadhani kibanda kitupu, anashuka."

Fundi akacheka kicheko kikavu. "Nimeshadanganywa na wanaume, lakini kusingizia ndege? Hii mpya."

"Jumamosi hii dada yuko kazini. Nisindikize wewe, ujionee."

Akaenda. Saa nne asubuhi jua lilimulika maji mpaka macho yakauma. Wakaingia wawili, akatoka yeye, akapunga mkono. Lakini hakwenda mbali. Alichutama kwenye matete, viatu vimejaa tope, mbu wakimla, akimvizia mwenye gauni la njano. Saa nzima ikapita. Hakuja mtu. Wala korongo hakushuka.

Simu ikatetema. Sauti ikanong'ona, "Laazizi, umefika barabarani?"

"Zamani! Niko kituoni nangoja basi."

"Kituo gani hicho chenye matete? Nakuona kwenye lenzi. Umenifukuzia korongo saa nzima."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwongo sasa alikuwa nani?

Kijana akatoka kibandani, akamfuata na kumwonyesha picha: katikati ya matete, macho mawili makali na pua yenye tope.

"Hii nitaitundika sebuleni."

"Sebuleni kwa nani?"

"Kwetu. Ukikubali."

"Ifute kwanza."

"Sifuti ng'o."

Fundi akamtazama. Mtu huyu alikuwa ameuona ubaya wake wote mchana kweupe, na bado alimtaka. Machozi yakamlengalenga.

"Basi ndiyo," akasema, akipangusa pua. "Lakini huyo dada yako aje nimshonee gauni la kuvaa harusini kwetu. Kiuno hicho nataka nikipime kwa futi."