Barua ya Kwaya na Albamu ya Gaëlle

"Hii saini ni yako?" Gaëlle aliuliza, barua ya kanisa mkononi.

Bonheur angekana vipi? Kiongozi wa kwaya ni yeye, mchumba wa Gaëlle ni yeye, na barua ilimsimamisha Gaëlle kwenye kwaya miezi sita kwa kuimba mapenzi redioni.

Wimbo wenyewe ulirekodiwa alasiri moja, kwa kujifurahisha tu, na Ivan, Mganda mpiga gitaa. Kufumba na kufumbua, kiangazi kile cha 2008, ukawa unapigwa hadi kwenye saluni za mtaa wa Hallonbergen, huku Uswidi. Sasa kampuni ya muziki ilitaka albamu nzima ya soul, na Gaëlle aliomba kitu kimoja tu: aitikiwe na kwaya yake.

"Wazee wa kanisa ndio waliamua, chérie."

"Wazee hawasikilizagi redio ya Kiswidi. Nani aliwapelekea habari?"

Bonheur akainamisha kichwa.

"Ni mimi. Unaimba juu ya mwanaume anayekungoja kwenye baridi. Ivan anakungojaga kila siku nje ya studio."

"Siku nilifika Uswidi, nani alikuwa stesheni na koti la pili mkononi?"

Alikuwa yeye. Treni ilichelewa masaa matatu, naye hakuondoka. Wivu ulimpofusha asijitambue ndani ya wimbo wake mwenyewe.

"Ungeniuliza tu," Gaëlle alisema. Akamfungulia mlango. "Enda, Bonheur."

Wiki nzima Gaëlle hakupokea simu zake. Jumapili Bonheur alisimama mbele ya kanisa zima, akasema ukweli bila kuuremba: alimshtaki Gaëlle kwa sababu ya wivu wake mwenyewe, si kwa ajili ya Mungu. Akajiuzulu uongozi. Wazee wakaifuta barua.

Jumatatu meseji ya Gaëlle ikaingia: "Maman Dorothée wa kwaya ameniambia yote. Kwaya inarekodi kesho saa kumi, studio ya Bredäng. Tunakosa sauti ya besi."

Alifika saa tisa. Akamwomba Ivan msamaha, Ivan akampa mkono. Gaëlle akamwonyesha mahali pa kusimama, nyuma kabisa, bila tabasamu.

Waliimba, wakarudia, wakarudia tena. Fundi aliporidhika, Gaëlle akamsogelea Bonheur.

"Zimebaki nyimbo tisa," alisema taratibu. "Zote zinakuhusu weye. Usiende tena kwa wazee."

"Nitaenda," Bonheur akajibu. "Kuomba tarehe ya harusi."

Gaëlle akacheka mpaka akafuta machozi. "Basi tuende wote."