Masharubu ya Muuguzi

Kinyozi wa mtaa aliitwa Safari, wala hakuwahi kusafiri popote. Ni akili yake tu iliyokuwa haitulii. Mkono unanyoa, mwenyewe yuko kwenye saluni yake kubwa ya ndotoni, vioo kila upande, naye anawahutubia wageni wa heshima. Tena hotuba ndefu.

Kuota mchana si dhambi, jamani. Ila mkewe aliogopa mtoto atakatwa. Kila nywele za mtoto wao zilipokua, alimpeleka mtaa wa pili. Kinyozi mzima, mwanawe ananyolewa na watu wengine! Hilo lilimuuma Safari kuliko matusi.

Asubuhi moja, muuguzi wa zahanati alikuja kunyolewa ndevu. Safari alianza vizuri. Alipofika shavuni, hotuba ikaanza. Aliposhtuka, masharubu ya muuguzi, ya miaka kumi na minne, yalikuwa kwenye taulo.

Safari aliweka wembe chini. Muuguzi alijipapasa mdomo, akajitazama kiooni, kisha akacheka mpaka machozi.

"Ulikuwa wapi, ndugu yangu?"

Safari alieleza yote kwa aibu. Muuguzi akamwambia kila mtu huota mchana, wala si wazimu. Tatizo ni pale ndoto zinapoharibu kazi. Akamuuliza ndoto zake huja lini. Safari akafikiri, akajibu: kazi ikiwa nyepesi, au akiwa hajalala vizuri.

"Basi lala mapema," muuguzi alisema. "Na mawazo yakikuvuta, usigombane nayo. Inua wembe kwanza. Kisha jiambie kimoyomoyo unachofanya: nanyoa shavu, nafuta povu. Ndoto zipe robo saa jioni, uziandike kwenye daftari. Yakikushinda, njoo zahanati tuzungumze."

Haikuwa kazi ya siku moja. Siku ya kwanza aliinua wembe mara kumi na tisa, wateja wakadhani anahesabu nzi. Mwezi wa pili, mara mbili tatu. Kwenye daftari la jioni, ile saluni ilizidi kupungua, mwisho ikabaki kiti kimoja kipya. Hicho kiliwezekana.

Mkewe alikuwa akitazama yote. Siku moja akaja kibandani na mtoto, akamkalisha kitini. Safari alimuuliza mkewe kama hana wasiwasi.

"Mimi nakwenda sokoni, baba," alisema. "Nikirudi nimkute amependeza."

Akaondoka, wala hakugeuka nyuma. Safari alimnyoa mwanawe taratibu, furaha imemjaa, na hakukuwa na mahali pengine alipotamani kuwa.