Gundi Haijakauka

Walikutana duka la vipuri, watu wamebanana kaunta. Msichana alikuwa fundi wa kuunganisha mipira ya silikoni, ovaroli ya kijani, hereni nyekundu. Mbele yake kijana mrefu, unga umemganda kwenye nyusi, aliomba gundi ya viatu abandikie mpira wa mlango wa tanuri la mvuke. Fundi akashindwa kuvumilia.

"Kaka, silikoni haishiki gundi hiyo. Inataka gundi ya silikoni mwenzake."

"Na mwokaji mikate, anashikana na nani?"

Akacheka bila kutaka. Tangu hapo simu hazikuisha. Kijana akimwita Bi Gundi, naye akimwonya asimguse kabla hajanawa unga. Mapenzi yakakolea hadi wakaanza kutafuta chumba cha watu wawili.

Mpira wa tanuri ulipoachana tena, kiwanda cha mikate alikofanya kazi kijana kikamwita fundi. Akasafisha kingo kwa spiriti, akazikwaruza kwa msasa, akapaka gundi nyembamba, akavigandamiza vipande kwa vyuma vizito. Akawaonya meneja na mpenzi wake kwamba tanuri lisiwashwe hadi kesho jioni, maana gundi ile huanza kukauka nje, na ndani ikabaki uji.

Asubuhi meneja akaamuru liwashwe. Kiungo kikafumuka, mvuke ukamvaa mwokaji usoni, kifuani na mkono mmoja.

Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Alikwenda hospitali, akaambiwa mgonjwa hataki kumwona. Meneja naye alikwishaeneza kwamba gundi ilikuwa mbovu, na karakana iliyomwajiri fundi ikamfukuza kazi. Akaamini mpenzi wake ndiye aliyemchongea. Machozi yakaisha, ikabaki hasira.

Dada wa mwokaji ndiye aliyemfuata nyumbani.

"Wifi, hakukusema. Alinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakomla." Kiwanda kilikubali kugharamia matibabu, mradi afunge mdomo.

Fundi akaenda hospitali. Jicho moja la mwokaji lilikuwa limefumba, shavu limekunjamana kama utando wa maziwa.

"Walipouliza, ulinyamaza?"

"Nilinyamaza. Niliogopa kufa, mpenzi."

"Ukaona bora nife mimi."

Mwokaji akapapasa simu kwa mkono uliosalimika, akampigia meneja. Akamwambia kwamba fundi aliwakataza, na kwamba atakayeuliza ataambiwa hivyo hivyo. Upande wa pili ukakata.

Kiwanda kikajitoa. Mgonjwa akahamishiwa wodi ya wote, kitanda cha pembeni, feni haizunguki, harufu ya vidonda imetanda.

"Sasa sina kazi, sina sura," mwokaji akasema. "Nenda zako, mama. Sitakulaumu."

"Hata mimi kazi sina."

Akalowanisha kitambaa, akamfuta usaha shingoni polepole. Akamwambia wazi kwamba moyo wake haujamsamehe, na hajui utamsamehe lini. Mwokaji akaitikia kwa kichwa, chozi likimtoka kwenye jicho zima.

"Sogea," fundi akasema. "Sogea nikae."